Kamba ya Mgomba Ndani ya Karafuu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Na shikamoo nyingine, maana najua Agnesi akianza kukusomea hukimbia, na ile ya kwanza huenda imekupita. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza kelele, na mvua zimekuachia njia ya kushuka barabarani. Mimi mwanao Veronika ni mzima kabisa. Nimekonda kidogo, lakini usianze kulia. Ni baridi tu, na hivi vyakula vya Wazungu vinavyopikwa kama vya mgonjwa.

Agnesi mdogo wangu, soma taratibu na usiruke maneno. Mama akiuliza, simama umjibu.

Ningeweza kupiga simu, Mama, lakini ya simu tunayajua. Mtandao hukatika ukiwa umefika nusu ya neno, na wewe kila ninachokuuliza unanijibu "sisi wazima, usimalize salio." Halafu jambo lenyewe lina msamaha ndani yake, na mimi msamaha wa kupiga kelele "haloo, haloo, unanisikia?" siuwezi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza, mzigo wako umefika. Yule sista wa misheni aliyekuja huku masomoni aliniletea Jumamosi moja, mwezi uliopita. Karafuu, mdalasini, na pilipili manga. Nilipofungua tu, chumba kizima kilinukia kwetu Matombo, nikakaa kitandani nikalia kidogo, kisha nikajicheka. Halafu nikatia mkono ndani ya karafuu nikakuta kile kitu chako, kamba kavu ya mgomba yenye mafundo matatu.

Sasa tulia nikueleze kazi yangu, maana najua ukiulizwa husema "mwanangu anapiga picha vichwa vya Wazungu." Umekaribia. Anayepiga ni Bwana Oskari, mzee mmoja anayekaribia kustaafu, mkali kama nini lakini ana roho nzuri. Mgonjwa hulala ndani ya mashine, na mashine huupiga ubongo picha bila kumpasua wala kumchoma. Mgonjwa akiwa humo ndani tunamwambia ataje majina ya vitu, na picha hutuonyesha ni upande gani wa ubongo unaoshughulikia maneno. Hapo ndipo mimi naingia. Picha zile lazima zipite kwenye programu kadhaa za kompyuta. Moja hodari kwa kusafisha, nyingine hodari kwa kutafuta pale penye maneno, na ya mwisho ndiyo anayoifungua daktari wa upasuaji. Na programu hizi, Mama, hazipatani. Kila moja ina kiroba chake na namna yake ya kufunga. Mimi ndiye ninayemimina kutoka kiroba hiki kwenda kile bila kumwaga. Kwa hiyo miaka yote ile ya kusoma, kumbe nilikuwa nasomea uchukuzi. Cheka tu.

Tatizo kubwa ni kulia na kushoto. Programu moja inamtazama mtu kama mnavyotazamana wewe na Mjomba mkila, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Nyingine inamtazama kama umesimama nyuma yake kanisani, kulia kwake ni kulia kwako. Ukihamisha picha lazima ujue ipi ni ipi, na habari hiyo huandikwa kwenye lebo ndogo inayotangulia picha. Lebo ikisomwa vibaya, ubongo unageuka, na kwa macho huwezi kujua. Pande mbili za ubongo zinafanana kama mapacha.

Basi alikuja mama mmoja, mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza. Ana uvimbe upande wa kushoto wa kichwa, na ilikuwa lazima apasuliwe. Alinishika mkono akaniambia, "Binti, nikitoka pale siwezi kusema, nitafundisha na nini?" Upasuaji ulipangwa Jumatano. Kazi yetu ilikuwa kumwonyesha daktari maneno ya yule mama yanakaa wapi, ili kisu kisipite hapo.

Nilifanya kazi hiyo kwa makini sana, Mama, na makini hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilipohamisha ile ramani ya maneno kwenda kwenye programu ya daktari, nilikumbuka kwamba hizi mbili hutazama tofauti, nikaigeuza kwa mkono wangu. Sikujua kwamba programu ya kuhamishia ilikuwa imekwisha kuigeuza yenyewe. Nikageuza kilichogeuzwa. Ramani ikaonyesha maneno ya mwalimu yako upande wa kulia, mbali kabisa na uvimbe, maana picha ya uvimbe wenyewe daktari alikuwa nayo tayari, haikupitia kwangu.

Profesa wetu, mkuu wa kazi, akafurahi. "Anatumia mkono wa kushoto," akasema, "watu kama hao wakati mwingine huwa hivi. Ana bahati, daktari atakata bila wasiwasi." Nami nikafurahi. Ijumaa ramani ikapelekwa kwa daktari, na kesho yake ndipo mzigo wako ukafika.

Unakumbuka siku ile barabarani, nikiwa kidato cha pili? Nilikuwa nimekuja likizo kutoka shuleni Kilakala, nimepiga pasi sketi, najiona nimeshamaliza kusoma dunia nzima. Watu wa mnunuzi walikuwa wanamimina karafuu za kila mtu kutoka viroba kwenda magunia yao makubwa, na majina yaliyoandikwa kwa mkaa yakabaki kwenye viroba vitupu. Mnunuzi akakuonyesha gunia lenye karafuu mbichi, akasema, "Mama Veronika, hizi ndizo zako."

"Zangu zimekula jua siku zote zile, baba," ukamjibu. "Hebu subiri."

Ukatia mkono kwenye gunia la pembeni mpaka kwenye kiwiko, watu wote wanakutazama, ukatoka na kamba ya mgomba yenye mafundo matatu. Ukasema, "Gunia ni lako, mzigo ni wangu. Alama yangu sikuiweka kwenye kiroba, niliiweka kwenye karafuu." Mnunuzi akalivuta gunia lile kwenye mizani. Na mimi mwanao, badala ya kujivunia, nilikuvuta kanga nikakunong'oneza, "Mama, ungeandika tu jina kwa kalamu. Huo ni ushamba." Ulikunja viroba vyako tukapanda mlima kimya, na neno lile sijawahi kuliomba msamaha mpaka leo.

Jumapili ile, nikiwa kanisani, kamba yako ikawa inanizunguka kichwani. Wakati wa mahubiri ndipo nilipomkumbuka Bwana Oskari. Yule mzee kila mgonjwa akilala, humbandika kidonge cha mafuta ya samaki kwenye paji la uso, upande wa kulia, kwa gundi ya hospitali. Kidonge hicho hutokea kwenye picha kama nukta nyeupe. Nilikuwa naona ni mambo ya kizee. Lebo zipo, kompyuta zipo, kidonge cha nini? Tena tukisafisha picha, fuvu na ngozi huondolewa, na nukta ile huondoka navyo, kwa hiyo kwenye ramani ya mwisho haionekani.

Sikusubiri baraka ya mwisho, Mungu anisamehe. Nilikwenda ofisini na nguo zangu za kanisani, nikachukua picha ya mwalimu ambayo haijasafishwa, nikaipitisha njia ileile niliyoipitisha ramani. Nukta ikatokea. Ilikuwa kushoto.

Nilijiambia labda Oskari alikosea kubandika. Nikampigia simu nyumbani kwake. "Miaka yote hii," akasema, "nimekosea kuoa, sijakosea kubandika." Basi nikajua mkosaji ni mimi. Maneno ya mwalimu yalikuwa kushoto, pembeni kabisa ya uvimbe, na daktari alikuwa ameambiwa akate bila wasiwasi.

Sitakuficha, niliogopa. Mkataba wangu unakwisha mwaka huu, na asiye na kazi huku hana kibali cha kukaa. Nilikaa pale kwenye kiti nikifikiria kuibadilisha ramani kimyakimya na kusema programu ilisumbua. Halafu nikamkumbuka yule mwalimu alivyonishika mkono. Nikampigia Profesa nikamwambia wazi, "Nimegeuza mara mbili. Kosa ni langu." Akasema, "Usiondoke hapo. Nampigia daktari sasa hivi, halafu nakuja."

Alikuja, tukairudia kazi yote pamoja, hatua kwa hatua, na kila hatua tunakitafuta kidonge kwanza. Jumatatu asubuhi daktari alikuwa na ramani mpya na mpango mpya. Jumatano mwalimu akapasuliwa, na mimi siku hiyo nilisali rozari zote ninazozijua.

Mama, anasema! Anasema mpaka manesi wamechoka. Maneno yake ya kwanza kwa Bwana Oskari alipokwenda kumwangalia yalikuwa malalamiko, kwamba ile gundi yake ilimng'oa nywele za paji la uso. Oskari alitoka pale anafuta macho anasingizia mafua. Mimi nilikwenda chooni nikacheka na kulia kwa pamoja, mzigo wote ukanitoka kifuani. Na Profesa hakunifukuza. Amesema mkataba utaongezwa, na kuanzia sasa hakuna ramani inayotoka bila kukitafuta kidonge. Akaniuliza nilijuaje kwenda kuangalia. Nikamweleza habari zako, karafuu, mnunuzi, na mkono kwenye gunia. Akanitazama, akasema, "Mama yako alistahili kuwa hapa kabla yako." Nikamwambia hilo najua.

Kwa hiyo Mama, nisamehe kwa neno lile la barabarani. Wewe hukuwa mshamba. Mshamba nilikuwa mimi na sketi yangu ya pasi.

Nisalimie sana Mjomba, mwambie kiti chake cha kunikaripia akihifadhi, Mungu akipenda Krismasi nitakuja kukaripiwa ana kwa ana. Msalimie kaka kule Ngerengere akija, na shemeji, na watoto wao nisiowajua bado kwa sura. Paroko naye mwambie nilitoka kabla ya baraka, ila kwa sababu nzuri. Agnesi, wewe nakuletea viatu, nitumie kipimo cha mguu kwa uzi.

Basi nakomea hapa, mkono umeanza kuganda. Kamba yako sikuitupa. Nimeifunga kwenye kioo cha kompyuta yangu, upande wa kulia. Wenzangu wakipita huniuliza ile ni nini, nami huwaambia ni jina la mama yangu.

Mwanao asiyekusahau,
Veronika