Mkanda Usio Wetu

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wapwa zangu wote. Kifua kimepona? Shemeji alinidokeza kwamba bado unakohoa, na nakujua, kwenye dawa hukosi visingizio. Sisi huku wazima wa mwili. Moyo ndio umenilemea, na sina mwingine wa kumweleza.

Nilikuambia kikundi chetu kinaandaa mchezo wa jukwaani kuhusu kile kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mama. Kabla jengo halijavunjwa, mlinzi alituruhusu kuingia stoo, na nyuma ya marobota yaliyooza tukakuta makopo ya mikanda ya filamu. Mlikuwa na wafanyakazi wanatoka zamu, wanataniana, wanakung'uta pamba nguoni. Hakukuwa na sauti wala jina la mpigaji. Mwongozaji wetu nusura aangue kilio kwa furaha. Fundi akaihamishia kwenye kompyuta, nami nikawa naiwasha kila onyesho: waigizaji wanacheza mbele, watu wale wa zamani wanapita nyuma yao kwenye pazia jeupe. Ukumbi ulikuwa unafurika.

Kisha akaja mama mmoja, mshonaji, akasema mikanda ile aliipiga marehemu baba yake, msimamizi wa zamu, kwa kamera yake mwenyewe. Hakugomba. Alituonyesha picha ya mzee ameikumbatia kamera hiyo kama mtoto. Tulikimbilia kwa wakili tukidhani atatupatia upenyo, naye akatuambia kwamba kuokota kopo si kumiliki picha zilizomo. Haki ni ya aliyepiga, na akifa ni ya warithi wake. Mwongozaji akambembeleza yule mama, akaahidi kulitaja jina la mzee mbele ya watazamaji. Akajibu taratibu, "Kiwanda kilimfukuza baba bila hata asante. Kilichobaki chake ni hiki tu. Nacho mnakitaka?"

Alituachia onyesho moja la mwisho, kisha tumrudishie makopo na kufuta nakala zote. Tukatia sahihi.

Jioni hiyo ya mwisho nilimwalika mama mkubwa. Wanawake walipoanza kutoka getini kwenye pazia, nikasikia ukelele ukumbini. Alikuwa yeye, amesimama, anaita jina la mama. Waigizaji wakaduwaa. Mimi mkono ulikuwa juu ya kitufe, lakini nilishindwa hata kuisimamisha picha. Wapi ningemjua? Siku uliyozaliwa wewe ndiyo tuliyompoteza, nami nilikuwa mdogo mno. Tumekua na ile picha moja ya kitambulisho, tena imefifia. Kumbe muda wote ule nilikuwa namwasha na kumzima mama yangu mwenyewe.

Nilipokwenda kwa fundi alikuwa ameshafuta, na makopo yameshachukuliwa. Nikaenda na mama mkubwa kwa mshonaji, tukaomba kipande hicho kimoja tu. Alisimamisha cherehani, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tangu mchezo wenu uanze, kila anayebisha hodi hapa ana mama yake mle. Nimwamini nani?" Mama mkubwa akalia. Yeye pia akalia, lakini hakutoa. Sasa simu zangu hapokei, na siwezi kumlaumu. Hana kosa.

Basi sina cha kukutumia ila maneno. Amevaa gauni la kazi lenye mifuko mikubwa. Anatembea haraka, bega moja mbele, hivyo hivyo utembeavyo wewe. Mtu anamwita, anageuka, anacheka akiziba mdomo kwa kiganja. Mkono wa pili ameuweka tumboni, na tumbo lenyewe kubwa, hata gauni halifungi. Mama mkubwa amehesabu na kuhesabu, anasema hapana shaka.

Ni wewe, mdogo wangu. Mlikuwa mnapita wote wawili.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji mwambie asinikasirikie kwa kukuliza.

Ni mimi,
Kaka yako