Kwa Mama, Fundi Aliyeunda Gari kwa Mkono Mmoja na Nusu

Mwaka umekatika, Mama, tangu asubuhi ile tulipokuita uje kunywa chai, ukawa kimya.

Bado wapo wanaosimama mlangoni na kuuliza, "Fundi yupo?" Uliwashonea maharusi na wanafunzi. Aliyekuja na gauni linalombana hukumwambia amenenepa. Ulisema, "Vitambaa vya siku hizi, vikifuliwa tu vinarudi."

Kisha kiharusi kikakushika, na mkono wa kulia ukagoma. Ukaifunika cherehani kwa shuka, ukasema, "Asiifunue mtu." Ukawa unashinda umeelekea ukutani. Tuliogopa, Mama. Tulikuona unatutoka ungali hai.

Binti yako mkubwa, muuguzi, akakuletea boksi la vipande vya kuunganisha: kigari kidogo, mfano wa yale magari ya mwanzo kabisa, yaliyowashwa kwa kuzungusha hendeli mbele, tairi zake nyembamba kama za baiskeli.

"Mwanangu, mimi wa kuchezea vigari?"

"Si mchezo, Mama. Ni mazoezi ya vidole."

Hukuligusa. Baba, dereva mstaafu wa malori, ndiye aliyelifungua, akaanza kubandika springi mahali pa ekseli. Hilo hukulivumilia.

"Mzee, umeendesha magari maisha yako yote, na tumbo la gari hulijui? Hebu lete hapa!"

Tangu hapo meza ikawa yako. Mkono wa kushoto ulishika kibano, wa kulia ukakandamiza tu. Baadaye nao ukaanza kushika. Kipande kikidondoka, Baba alitambaa chini ya meza nawe ukimwelekeza: "Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu!"

Gari lilikuwa karibu kwisha Baba alipolikalia turubai lake la plastiki, lile la kufunika juu. Kra! Ukamtazama, halafu ukacheka mpaka ukajishika mbavu, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu uugue.

Kesho yake tukasikia cherehani inalia. Tulikuja mbio. Shuka lilikuwa sakafuni, nawe unashona turubai jipya kwa kipande cha kaki. Mshono ulipinda kidogo.

"Acheni upinde," ukasema. "Barabara za enzi hizo zilikuwa na kona."

Baada ya turubai ukamshonea mjukuu wako sare ya shule, vifungo ukatia mwenyewe. Ulipotutoka, Mama, ulikuwa umeacha kitambaa kingine mezani, kimeshakatwa.

Tunataka ujue yaliyofuata. Muuguzi wako ameomba meza moja wodini kwake, na wagonjwa wa kiharusi huunda vigari hapo. Baba, ambaye baada ya mazishi hakutaka hata kutoka nje, sasa huenda kila wiki kuwafundisha, ingawa mara nyingi wao ndio wanaomsahihisha. Juzi mwashi mmoja, aliyekuwa hawezi kushika kijiko, alipachika gurudumu lake la kwanza. Akaita wodi nzima: "Njooni muone! Linazunguka!"

Unakumbukwa na mumeo, dereva wako, binti yako muuguzi, mwanao fundi bomba na mkewe, mke mwenza wako kama ulivyozoea kumtania, wajukuu zako, dada yako, na wote uliowapima, ukawakatia, ukawavika.

Pumzika, Mama. Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.