Goli la Kichwa

Baba yangu, fundi wa baiskeli usiyeshindwa na gurudumu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana najua husomi kitu ukiwa umesimama. Mgongo unaendeleaje? Mama kaniambia kwenye simu kuwa umeanza tena kunyanyua pikipiki za watu peke yako, kana kwamba wenye pikipiki wamezaliwa bila mikono. Mwambie Mama nakula, nalala, na nguo nafua mwenyewe. Hilo la mwisho hatalisadiki, lakini mwambie hivyo hivyo.

Huku tunaendelea. Bweni letu liko juu ya stoo ya vifaa, kwa hiyo tunalala na harufu ya mipira mipya na soksi za zamani. Chumba nachangia na golikipa wetu, dada mmoja mrefu tunayemwita Komeo. Yeye ananiita mtoto, mimi namwita bibi, na tunaelewana. Mabeki wamenibatiza Sindano, eti kwa sababu napita palipo na nafasi ya uzi. Komeo anasema huo ni uongo, ni kwa sababu ya miguu yangu myembamba.

Kocha ni mtu wa maneno machache na filimbi nyingi. Siku niliyofika aliniuliza nani alinifundisha kupiga mpira. Nikamwambia ni ukuta wa karakana ya baba yangu. Akasema ukuta huo unastahili kuajiriwa. Tangu hapo namba tisa ni yangu, na miaka yangu hii kumi na saba. Aliyekuwa tisa kabla yangu, dada mmoja mwenye goti bovu, anakaa benchi akinitazama kama mtu anayelitazama basi lililomwacha. Hana roho mbaya. Siku moja aliniambia nilishike neno lake: hapa ukiumwa nyamaza, kwani anayetoka mechi moja hupata kiti cha kudumu.

Sasa goli. Najua umeshasimuliwa hadi masikio yamejaa, lakini pokea na la kwangu. Jumapili, nusu fainali, hakuna aliyefunga, na mwamuzi ameshaanza kuitazama saa yake. Beki wao wa kati tulimwita Kabati, maana akisimama mlangoni hapiti mtu. Tukapata kona. Nikamwona Kabati kaweka uzito wote mguu wa kushoto, nikajua hatageuka upesi. Nikajifanya naelekea mlingoti wa mbali, nikakata, nikarudi wa karibu. Nikaruka, naye akaruka. Mpira ukagonga kichwa changu, na kichwa chake nacho kikagonga palepale. Mpira ukaingia. Kabati akabaki chini. Mimi nikainuka ninacheka, nikakimbia kuwapungia mkono mashabiki, ila mashabiki wenyewe walikuwa wa wapinzani. Uwanja mzima ulidhani ni dharau. Kocha alisema hajapata kuona mtoto mwenye jeuri tamu namna ile.

Mama anasema redio ilipotangaza jina langu ulimbeba mteja mmoja begani, na mgongo wako huo. Anasema siku hizi watu wanakuletea baiskeli nzima nzima, zisizo na kasoro, ili tu uwasimulie.

Baada ya mechi daktari wa timu alinipima. Ni kijana mpole, ana maswali yake manne ambayo hajawahi kuyabadilisha. Leo siku gani, tuko uwanja gani, tunacheza na nani, nani kafunga. Halafu anakupa maneno matatu uyahifadhi, anapiga soga kidogo, kisha anataka umrudishie. Maneno ni meza, ndizi, mvua. Ni hayohayo tangu nijiunge. Timu nzima inayajua kama majina ya mama zetu. Komeo anasema akijaliwa watoto ndivyo atakavyowaita, na Mvua ndiye atakuwa msumbufu. Nilijibu yote. Daktari akaandika kuwa mimi mzima.

Tangu siku hiyo kuna vijimambo tu. Taa ya ukumbini inaniudhi. Filimbi ya kocha inaingilia menoni. Jana mazoezini ilikuja krosi nikaona mipira miwili. Nikaupiga wa kushoto, ukaingia, kocha akapiga makofi. Nilicheka na wenzangu. Komeo hakucheka. Chai ninatia sukari, naikoroga, natia tena, hadi kaninyang'anya kijiko.

Fainali ni Jumamosi. Watakuja watu wa klabu kubwa kunitazama. Kocha ameamuru kona zote ziletwe kwangu. Aliyasema hayo huku akinipapasa kichwa kama mtu anayechagua tikiti maji, akaniambia wageni wanakifuata hicho.

Baba, goli lile silikumbuki.

Nililokusimulia ni la Komeo, na la redio, na la Mama. Mimi nakumbuka nafunga kamba za viatu, halafu nakumbuka maji yakinishuka shingoni ndani ya basi. Katikati pameoshwa. Ule mguu wa kushoto wa Kabati nimeuongeza mwenyewe, kwa sababu ndicho kitu ambacho ningekitazama. Na daktari alipouliza nani kafunga, Komeo alikuwa nyuma yake ananinyooshea kidole, nikajibu ni mimi.

Kabati bado yuko hospitali. Wanasema anaamka, anauliza mechi inaanza saa ngapi, analala. Leo asubuhi nilimuuliza Komeo Jumapili tulishinda ngapi, akaanza kulia. Kumbe nilikuwa nimeshamuuliza kabla hatujaenda kunywa chai. Alitaka kwenda kwa daktari, nikamshika mguu. Tukaafikiana nimwambie mtu mzima mmoja. Nimekuchagua wewe.

Kwa kocha nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliogopa kubisha hodi. Mara ya pili alifungua, nami nikawa nimesahau nilichokifuata. Na kwenye simu najijua: ningeanza kucheka na kukusimulia goli.

Sijatimiza miaka kumi na nane, Baba. Mzazi akikataa, kocha hawezi kunipanga. Mpigie, mwambie mwanangu hachezi. Najua mlango wa karakana umeshaupaka tisa kubwa nyekundu. Najua utakavyotazamwa na waliokuja kusikiliza redio. Nami nitakasirika. Nitakwambia sijaandika barua yoyote, umeniharibia maisha, na huenda nikawa nimesahau kweli. Usimsikilize yule. Nisikilize mimi wa leo, niliyekaa na Komeo akinisomea kila mstari ninaoumaliza, ili nisiuandike tena.

Barua hii analeta dereva wa lori la vifaa, akukabidhi mkononi. Mpe maji ya kunywa, njia ni ndefu. Msalimie Mama, mwambie nusu, nusu nyingine ataing'amua kwa uso wako. Wasalimie wateja wanaolipa, na hata wale wengine. Komeo naye anakuamkia.

Kocha mpigie kwanza, ndipo unipigie mimi. Ukianza na mimi, nitakushinda.

Mwanao akupendaye,
Sindano