Bulon Mbili Chini ya Kitanda cha Mama Mukwe

Musonoi, Kolwezi, tarehe 23 mwezi wa nane 1976

Mpendwa Mama Mianda wa barua za wasomaji,

Naomba unisome mpaka mwisho na unisaidie, maana neno lenyewe ni dogo kama bulon mbili, parafujo nene za chuma, lakini juu ya bulon hizo watapanda watu watano wa nyumba yangu tarehe 18 mwezi ujao, na katika nyumba hiyo mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Mimi ni fundi wa motokari, nilimaliza shule ya ufundi hapa Kolwezi, na tangu mwaka wangu wa kwanza wa kazi ninaandika daftari, kila siku na tarehe yake, kwa hiyo tarehe utakazosoma humu sikuzibuni. Baba mukwe wangu, Tata Tshilombo, aliendesha mashini kubwa za mgodi miaka ishirini na saba, na alipopumzika alinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao motokari ya zamani sana, ya kabla ya Uhuru, yenye nyumba mgongoni: kuna kitanda, kabati, tanki ya maji, dirisha lenye pazia, watoto wa cité, mtaa wetu wa wafanyakazi, wanaiita nyumba inayotembea. Aliinunua kwa ajili ya Mama Mbelu, mke wake, ambaye nyonga yake imeharibika na hawezi kukaa kitako, si kwenye treni wala kwenye kamyo ya mizigo, anaweza kulala tu, na anaomba kitu kimoja, afike kwao Gandajika, Kasai, awaone dada zake kabla hajafa.

Tarehe 3 mwezi wa tano nilimwambia Tata kwamba motokari hiyo ilitengenezwa kwa barabara za Ulaya na haitafika hata Kamina, resori zake, vyuma vya kubeba uzito juu ya magurudumu, zimechoka, kwenye kona inalala upande mmoja, na volan, yaani usukani, unaizungusha kwanza halafu unangoja magurudumu yakumbuke. Alikubali. Niliweka resori mpya mbele na nyuma, zenye vyuma vinane badala ya vitano, nikaweka amortiseri nne za kutuliza mitikisiko, kisha nikabadilisha direksyon, yaani lile sanduku la chuma linalopeleka nguvu ya volan mpaka kwenye magurudumu, nikachukua la kamyo moja iliyokufa kando ya njia ya Mutoshi, lililokuwa bado zima. Sanduku hilo halikukaa kwenye matundu ya zamani, kwa hiyo nilikata sahani ya chuma, nikaifunga kwenye shasi, mifupa ya chuma ya motokari, kwa bulon nne, mbili unazifikia kutoka chini na mbili unazifikia kutoka ndani tu, ukiinua mbao za sakafu nyuma ya kiti cha dereva.

Siku ya Mungu tarehe 11 mwezi wa saba tulikwenda nayo mpaka Nzilo na kurudi, Tata akashika volan kwa mkono mmoja akacheka kama kijana, na mimi nilifurahi kupita siku ya ndoa yangu, usimwambie mke wangu. Lakini kila fundi anajua kwamba sahani mpya ikishabeba mzigo mara ya kwanza, chuma kinakaa vizuri na bulon zinalegea, lazima uzikaze tena. Nilipanga kuzikaza wiki ile ile. Kabla sijafika, Tata alisogeza kitanda mbele, karibu na kiti chake, ili amsikie Mama akiita njiani, na Mama alibebwa akalazwa humo motokari ikiwa bado uani, azoee, kwa sababu kumpandisha na kumshusha kila siku ni mateso. Kitanda kikakaa juu ya mbao zangu.

Wewe unajua bukwe, heshima ya mtu kwa wakwe zake, Mama Mianda. Mimi sijawahi kula mbele ya Mama Mbelu, nikimkuta njiani ninageuka pembeni, na mahali anapolala sijapaona tangu nimwoe mtoto wake, miaka tisa sasa. Nitaingiaje kwa magoti chini ya kitanda chake? Basi tarehe mosi mwezi wa nane nilimwomba Abibu, fundi mwenzangu ambaye si mtu wa ukoo, akaingia na ufunguo wa bulon mimi nikiwa nimesimama kwenye kibaraza na mgongo wangu umegeukia motokari. Akatoka, akapangusa mikono, nikamwuliza kama amekwisha, akasema imekwisha, na mimi nikaandika kwenye daftari, ninanakili hapa: «Bulon nne za direksyon zimekazwa tena, kazi kamili.» Nikaweka sahihi. Jioni ile Tata akaniuliza kama tayari, nikamwonyesha ukurasa ule.

Tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria, Tata aliendesha polepole mpaka kanisani ili Mama asikie misa kupitia dirishani, mimi nikiwa nimekaa naye mbele na pazia nyuma yangu, na nikaona kwamba volan inazunguka vidole vinne kabla magurudumu hayajajibu. Mwezi wa saba vilikuwa viwili. Kesho yake nilimshika Abibu kwenye garaji.

«Ulikaza ngapi?»

«Mbili, ndugu. Ya chini. Ile ingine iko chini ya kitanda, na mama alikuwa nalala. Nimusukume? Mama ya batu? Hata mi niko na haya.»

«Na ukaniambia imekwisha!»

«Uliniuliza kama nimekwisha. Mi nilikwisha.»

Kumtuma yeye tena haifai, kwa sababu sahani imecheza njia nzima ya kanisani na matundu yanaweza kuwa yamepanuka au chuma kimepasuka, na hilo litaonwa na jicho la aliyeikata. Nilimwambia mke wangu, Tshiela, kwamba lazima nizifikie mbao zile. Hakuniacha nimalize.

«Unataka kumushusha mama tena? Siku tulimupandisha tulikuwa batu bane, alilia mpaka usiku. Na weye utaingia fasi analala, kisha utaniangalia na macho gani?»

Nikajaribu kwa Tata, nikasema tu kwamba volan ina mchezo kidogo na safari ingeweza kungoja. Akapiga goti lake akacheka.

«Weye na daftari yako! Kuku ikitaga unaandika tarehe. Mi niliendesha mashini ya mgodi miaka yote ile, nitashindwa na kanyumba haka?» Halafu akaacha kucheka. «Safari kungoja mpaka wapi? Hapa kwenye cité banasema mukwe wetu hataki mama aende kwabo. Usibape kinywa.»

Watakaopanda ni Tata, Mama Mbelu, mdogo wake Mama Kanku, Tshiela, na mtoto wetu Mbuyi wa miaka sita. Nikisema, nitavunja heshima ya bukwe na kumtesa mgonjwa, tena nitaonekana mwongo mbele ya ukoo ulionipa mke. Nisiposema, labda bulon zitashika. Kila asubuhi ninahesabu siku, na kila jioni ninafungua ukurasa wa tarehe mosi ninausoma tena. Nifanye nini?

Mimi,
Mukwe wa Musonoi

*

Mwanangu,

Barua yako ina tarehe nyingi, lakini mimi nimesoma moja tu, tarehe 18. Kwa hiyo jibu hili nimeliomba litangulie mengine, na wewe usilisome mara mbili kabla ya kuinuka.

Kwanza nikupe pole, na ninaitoa kwa moyo. Mimi pia ni mtoto wa Kasai, na mume wa binti yangu hajawahi kula mbele yangu, akinisikia nikikohoa anapita mlango wa nyuma. Siicheki heshima hiyo. Yeyote atakayekuambia ni ushamba, mwache aende zake. Haya yako ni haya ya mtu aliyelelewa.

Lakini sasa nisikilize vizuri. Bukwe inakukataza kupiga magoti kwenye kitanda cha Mama Mbelu. Ni wapi inakukataza kusema na baba mukwe wako? Unakaa naye mbele ya motokari, unakunywa naye, unamwonyesha daftari. Kwake ulikuwa na kinywa siku zote, na ulipokifungua ukasema «mchezo kidogo», ukijua si kidogo. Hapo bukwe haimo. Kilichomo ni sahihi yako chini ya maneno uliyoyaandika huku mgongo wako umegeukia kazi. Abibu aliona haya akaacha bulon mbili. Wewe uliona haya ukaandika nne. Kati yenu wawili, mimi ninamkasirikia aliyeshika kalamu. Na unaniandikia «labda zitashika»! Wewe, fundi mwenye diploma! Mtu mwingine akikuletea motokari yake akasema «labda itashika», utamwacha aondoke na watoto?

Tena kuna mtu mmoja ambaye katika kurasa zako zote hakuna aliyemwuliza neno. Mumewe anaamua, binti yake anakataa, wewe unanyamaza, wote kwa ajili yake, na yeye amelala pale pale juu ya hizo bulon bila kujua. Nyonga ndiyo imeharibika, mwanangu. Masikio yake mazima, akili yake nzima. Mwanamke anayetaka kuwaona dada zake kabla hajafa anajua kupima uchungu wa siku moja na hatari ya njia nzima kuliko ninyi wote. Wewe huwezi kumwuliza, lakini Mama Kanku anaweza. Aende leo, amwambie kila kitu, hata jina lako.

Na kitanda, mbona mnakiogopa kama madhabahu? Akikubali, wanawake wa nyumba wamtoe asubuhi na mapema, kabla ya joto, juu ya godoro lake lile lile bila kumkunja, watu sita safari hii, si wanne, wamwingize ndani ya nyumba. Kisha wao wenyewe watoe mashuka, watoe kitanda, wakisimamishe ukutani nje, wafagie. Wakishamaliza, wakuite. Hapo utakapoingia hapatakuwa mahali pa kulala pa mtu yeyote, patakuwa mbao na chuma, na hiyo ndiyo kazi yako tangu zamani. Toa sahani nzima, usiikaze tu. Ukiona ufa hata wa unywele, kata nyingine nene zaidi. Halafu fungua tundu lenye kifuniko upande wa kiti cha dereva, ili bulon zifikiwe bila mtu kumgusa mgonjwa tena. Nendeni Nzilo na motokari imebeba mawe ya uzito wa watu watano. Rudi, kaza tena kwa mkono wako, na macho yako yakiangalia. Tarehe 18 ikipita, ipite. Dada za Gandajika wamengoja miaka, watangoja wiki mbili.

Tshiela atakasirika. Mwache akasirike. Siku atakapojua ulitaka kumpandisha humo na Mbuyi wako huku umenyamaza, hasira ya leo utaitamani. Kuhusu maneno ya cité, watu wa Musonoi wamesema maneno tangu mashimo yalipochimbwa na hakuna aliyezikwa nayo.

Ukurasa wa tarehe mosi usiuchane. Piga mstari mmoja juu yake, maneno yabaki yasomeke, na chini yake andika yaliyokuwa kweli.

Lakini hayo ni ya baadaye. Sasa hivi, kabla hujala, chukua ufunguo wako uende uani kwa Tata Tshilombo. Fungua mlango wa dereva, huko kuna ruhusa yako. Toa volan kwenye mhimili wake, uibebe mpaka mezani kwa baba mukwe wako, uiweke mbele yake. Atakuuliza umekuwa na wazimu gani. Kaa chini, umwambie: «Tata, nilikuonyesha ukurasa wa uongo.» Anza na hayo, mengine yatafuata.

Mama Mianda