Lalamiko Juu ya Kipkemboi, Mjenzi wa Reli Ambaye Hakuzaliwa

KAMATI YA SHULE YA LANDHI YA JUU, NAKURU
Kikao cha Jumamosi, tarehe 15 Juni 1957, katika darasa la sita

WALIOHUDHURIA
Mzee Zablon Obura – Mwenyekiti
Bw. Kimaiyo – Mweka hazina
Bw. Khaemba – Mwalimu Mkuu
Bi. Jepchumba – Mwalimu wa darasa la sita (aliitwa ajitetee)
Bw. Hiram Masinde – Katibu

ALIYEKOSA
Bi. Milcah Awuor – kwa udhuru. Anamnyonyesha mtoto anayejadiliwa hapa chini.

KUMB. NA. 1/57: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Zilisomwa na kukubaliwa na wote isipokuwa Bw. Kimaiyo, aliyesema kwamba hakusema aliyoyasema.

KUMB. NA. 2/57: LALAMIKO
Mwenyekiti alieleza kwamba mlalamikaji ni yeye mwenyewe, hivyo si haki aongoze. Alihamia benchi la wanafunzi, ambalo lilimbana. Kiti chake kilibaki kitupu na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Mzee Obura, sasa akiwa mlalamikaji, alieleza kwamba Bi. Milcah, mke wa mwanawe, amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto alilia bila kukoma. Kwa desturi ya Wajaluo alitajiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, ili anyamaze litakapotajwa lake. Ukoo mzima ulitajwa, naye akazidi kulia. Ndipo Akoth, mjukuu wake aliye darasa la sita, akasema "Kipkemboi". Mtoto akanyamaza, akalala.

Akoth alipoulizwa huyo ni nani, aliisimulia familia, huku machozi yakimtoka, jinsi Kipkemboi alivyobeba mataruma ya kulazia reli kutoka Longonot mwaka 1900, na jinsi homa ilivyomshika njiani. Mzee Obura alifanya uchunguzi na kugundua kwamba Kipkemboi ametungwa na Bi. Jepchumba, ambaye huwasomea wanafunzi hadithi yake katika kipindi cha historia.

"Mjukuu wangu amepewa jina la marehemu ambaye hajawahi hata kuzaliwa!" alisema Mzee Obura. "Uongo ni uongo tu, Mwalimu, hata ukiuita historia." Alitaka hadithi hiyo ikome kuanzia Jumatatu.

Bw. Kimaiyo alisema naye hakupendezwa, kwa kuwa kwa kabila lake Kipkemboi ni jina la aliyezaliwa jioni, na mtoto huyu alizaliwa asubuhi. Mwalimu Mkuu alimwomba asichochee moto.

KUMB. NA. 3/57: MAJIBU YA MWALIMU
Bi. Jepchumba alikiri kwamba Kipkemboi ni wa kutunga, ila mvua, baridi ya milima ya Mau na mwaka wenyewe si vya kutunga. Alieleza kwamba mwaka jana wanafunzi walikariri tarehe kutoka ubaoni, na likizo ilipokwisha tarehe nazo zilikuwa zimekwisha. Sasa wanauliza wenyewe reli ilipandaje Mau, kwa sababu wanataka kujua kama Kipkemboi atapona. Mwalimu Mkuu aliongeza kwamba kitabu cha shule kinawataja mainjinia peke yao.

Bi. Jepchumba aliuliza: "Mzee, hao mainjinia walijibebea mataruma?"

Mzee Obura alijibu kwamba aliyeyabeba ni baba yake.

Alieleza kwamba baba yake, Odero, alitoka Kano, karibu na Kisumu, kwa miguu kwenda kufanya kazi ya reli Mau, naye Mzee Obura akiwa mtoto mdogo. Homa ilimuua kabla reli haijafika ziwani Kisumu. Jina lake halikuandikwa popote na kaburi halijulikani. Alisema kwamba kwa yule mtoto jina la Odero ndilo lililotajwa kwanza, na lilikataliwa. Kilichomuuma zaidi ni kumwona Akoth akimlilia Kipkemboi. "Baba yangu hakuna mtoto aliyewahi kumlilia, isipokuwa mimi."

KUMB. NA. 4/57: UAMUZI
Mzee Obura alirudi kitini na, akiwa Mwenyekiti, akatupilia mbali lalamiko la Mzee Obura. Hadithi iendelee. Bw. Kimaiyo aliunga mkono shingo upande.

Mwenyekiti aliomba Odero naye atiwe katika hadithi, atembee na Kipkemboi. Bi. Jepchumba alikubali, akauliza kwa upole kama aandike kwamba alifia Mau, kama ilivyokuwa.

Mwenyekiti alikataa. "Reli ilifika Kisumu, Mwalimu. Hiyo ni kweli, usiiguse. Basi na yeye mfikishe."

Bw. Kimaiyo alisali sala ya kufunga kwa niaba ya Mwenyekiti, aliyekuwa akifuta macho, na wajumbe wakatawanyika saa kumi na moja jioni.

Z. Obura, Mwenyekiti ....................
H. Masinde, Katibu ....................