Mfuko wa Nyuma wa Patron Kambale

Patron,

Leo asubuhi nimefumua mfuko wa kwanza. Nilitumia wembe wako, ule uliouzungushia kitambaa ili usitukate vidole. Nilikata uzi wa rangi ya chungwa, mshono mmoja mmoja, nikauvuta wote. Suruali nyingine zimejaa meza nzima. Nimepewa hadi Jumatatu. Jumatatu ikinikuta na jinzi hata moja yenye alama yako mfukoni, watakuja kuchukua jinzi, vitambaa na mashini yako. Karatasi waliyoniletea inasema hivyo, ina muhuri wa serikali, nami nimeisoma mpaka naijua kwa kichwa.

Nakuandikia wewe kwa sababu katika Butembo nzima sina mtu ninayeweza kumwambia yote. Mama Kyakimwa, mke wako, siwezi hata kumtazama usoni. Kwa nini, nitakuambia. Niache kwanza nizunguke kidogo, maana jambo lenyewe linanishinda.

Unakumbuka siku ile ulipoitoa jinzi ya Japani kwenye balo la mitumba? Mvua ilikuwa imetufungia barazani. Balo lilitoka Kasindi, limejaa suruali zilizochoka, halafu katikati hiyo moja: ngumu, karibu isimame yenyewe, na kwenye ukingo wa ndani uzi mwekundu umepita kutoka kiunoni hadi mguuni. Wateja wawili waliitaka, ukakataa. Uliifumua yote, kipande kwa kipande, na kwa siku tatu hukushona kitu kingine. Kisha ukaenda kuulizia habari zake kwenye intaneti, ukarudi unacheka mpaka machozi. Kumbe Wajapani walizipenda sana jinzi za zamani za Wamarekani, wakazishona upya vilevile, hata makosa ya mashini za zamani wakayaiga. Wamarekani wenyewe wakakasirika, wakawapeleka kwa mahakimu kwa sababu ya mistari ya mfuko wa nyuma na kile kitambaa kidogo chekundu cha pembeni. Basi Wajapani wakaanza kufumua, kubadilisha, kuhamisha.

"Bajapani balishitakiwa juu ya kupenda sana," uliniambia, ukinipiga begani. "Siye hapana iga mutu, Kavira. Tutafanya yetu."

Ukachora yetu kwenye kipande cha katoni ya sabuni: mistari miwili inayoshuka kama matuta ya maharage mlimani, ikikutana katikati ya mfuko. Ila mashini yako ilikuwa nzee. Ilipofika katikati, pale ulipokuwa umeweka kitambaa mara mbili, ikaruka. Mishono mitatu ikakosekana. Nikachukua sindano nijaze kwa mkono, ukanizuia. "Acha. Hapo ndio mi napumuaka."

Tangu siku hiyo kila mfuko ulikuwa na nafasi hiyo. Hata mashini ilipotengenezwa, ulikuwa unainua mguu kwenye pedali makusudi, kisha unaendelea. Mimi ilinichukua mwaka kuujua wakati wa kuinua. Ulikuwa unanichokoza mbele ya wateja kwamba mguu wangu una haraka kama wa mtu aliyeacha fufu motoni. Nilikuwa nakasirika, Patron. Sasa hivi ningetoa chochote nilichonacho ili unichokoze tena.

Halafu ukaenda Mbau kuwapima wanakwaya. Ulivaa jinzi yako mwenyewe, ya kwanza kabisa yenye alama. Kesho yake wakatupigia simu kutoka Beni kwamba watu wameshambuliwa njiani. Tulikwenda mimi na Mama. Mama alifika mlangoni mwa morgi, chumba cha maiti, akakaa chini, nikaingia peke yangu. Sitakuandikia niliyoyaona. Usoni hakuna ambaye angekutambua. Baba wa morgi aliniuliza, "Utamujua na nini?" Nikamwomba akugeuze. Nikaona mistari miwili. Nikaona mishono mitatu haipo. Nikasema, "Ni ye."

Bila ule mfuko, ungezikwa pamoja na wasiokuwa na jina. Kwa hiyo wanaponiambia ni uzi tu, nishone mwingine, wananiua.

Sasa sikia yaliyobadilika. Alama yako imejaa mjini. Imo kwenye jinzi zilizotoka ng'ambo kwenye makontena, laini, nyepesi, zikifuliwa mara mbili magoti yanalegea. Vijana wa pikipiki wanazivaa, walimu wanazivaa, hata shemasi wetu anayo moja. Mwenye kuzileta ni yule bwana wa magazini, lile duka la ghorofa tatu. Ameandikisha alama kwa jina lake huko Kinshasa, akapewa karatasi yake, na sasa mimi, niliyeketi kwenye kiti chako, ndiye mwizi. Mteja wa zamani alinirudishia suruali yake akasema hataki matata na nguo za kuiga. Nguo za kuiga, Patron! Wewe uliyemshonea hiyo kwa mkono wako!

Juma lililopita, nikitoka sokoni, nilimwona mtu mbele yangu akipanda mlima. Urefu wako, bega lako la kushoto limeshuka kidogo, na mfuko wako. Nilijua umekufa. Nilikuzika mimi. Lakini miguu yangu ilimfuata, nikaacha barabara ya nyumbani, nikapita watu nikiwagonga kwa kikapu, mpaka nikamkaribia kabisa. Mistari ilikuwa imekutana katikati bila mshono hata mmoja kukosekana. Haikupumua popote. Nikakaa kando ya njia, nikalia, na mama mmoja muuza ndizi akanipa maji bila kuniuliza neno.

Basi nimefika huko nilikokuwa nakwepa.

Siku ya tatu ya matanga yako mvua ilitaka kututawanya. Yule bwana wa magazini, ambaye alikuwa akipita barazani kwetu akigusagusa jinzi bila kununua, alileta bashi kubwa la kutufunika, akaleta viti, akaleta maharage. Watu wote wakambariki. Jioni akaniita pembeni. "Kavira, unipatie ile katoni ya mufuko, nikuwe na ukumbusho ya Kambale."

Nani kwetu anamkatalia mtu aliyefunika matanga? Wazee walikuwa chini ya bashi lake. Mjane alikuwa chini ya bashi lake, yuko kwenye mkeka wake, hajalowa. Nami niseme hapana kwa sababu ya kipande cha katoni ya sabuni? Nilikwenda nikaitoa kwenye msumari ilipokuwa inaning'inia, nikampa kwa mikono miwili, nikapiga na goti. Nilimshukuru, Patron. Nilimshukuru kwa kukukumbuka.

Hakuna anayejua. Mji mzima unasema alinunua suruali moja akaiiga. Mama yeye anaona msumari mtupu, kila siku analiuliza jambo hilo hilo: "Mwizi wa katoni ni nani? Aliingiaka fasi gani? Mungu atamuonesha." Mimi nimekaa karibu naye, namenya viazi, nasema ndiyo Mama. Nimekonda. Usingizi umenihama. Nikiomba, maombi yanaishia kwenye jina lako, hayaendi mbele.

Nilimwendea avoka mmoja, wakili, ndugu wa kanisa. Hakunificha. Mwenye karatasi ana nguvu, alisema, lakini karatasi inaweza kuanguka nikileta nguo yenye alama, ya zamani kuliko karatasi hiyo, tena yenye tarehe isiyobishaniwa. Suruali za wateja hazina tarehe. Kuna moja tu iliyo nayo. Kwenye jinzi yako, pale pa kupitishia mkanda, morgi walifunga kibandiko chenye siku uliyoletwa. Mama aliifua ile suruali kwa mikono yake, lakini kibandiko hakukifungua. Aliifungia ndani ya sutikesi chini ya kitanda, na hajamruhusu mtu kuigusa, hata dada yako.

Kisha, kwa kuwa nilimtajia kwamba mchoro wako uko kwa yule bwana, avoka akaniuliza, "Na ile katoni, ilimufikia namna gani?" Nikaanza kukunja karatasi yangu. Akasema bila jibu la swali hilo nisithubutu kusimama mbele ya hakimu, maana yule bwana mwenyewe atalitoa, na atalitoa vibaya.

Unaona nilivyobanwa. Nikinyamaza, nitafumua jina lako mfuko kwa mfuko mpaka Jumatatu. Nikisema, nitamwomba Mama afungue sutikesi hiyo, na pumzi hiyo hiyo nimwambie kwamba mwizi anayemlaani kila siku anakula naye sahani moja. Ila mimi mwanafunzi wako, hana mtoto mwingine wa kumletea maji. Nami sina mama mwingine. Nimeligeuza jambo hili kila upande, halina upande usiochoma.

Nilitaka leo nifumue zote nimalize, nilale. Lakini niliupeleka kwenye mwanga ule mfuko wa kwanza, wa suruali aliyoirudisha yule mteja, iliyofuliwa miaka. Uzi wote nimeutoa, Patron, na mistari yako bado iko. Pale uzi ulipofunika, kitambaa hakijapauka, kimebaki cheusi kama siku ulipokikata. Na katikati, pale ulipoinua mguu, kimepauka. Nikaweka wembe chini. Sijaushika tena.

Sijui kama tutashinda. Sidhani. Mwenye magazini ana mahakimu wanaokunywa chai kwake. Lakini nakuahidi mambo mawili. Ile suruali yako, hata ikifika mbele ya hakimu, itarudi kwa Mama bila kutolewa uzi hata mmoja. Na hata wakiichukua mashini, nitainua mguu pale pale kwenye mashini ya mtu mwingine yeyote nitakayokalishwa.

Pumzika sasa. Wasingya, Patron, asante kwa mguu ulionifundisha. Jumapili, kabla ya kengele ya kanisa, nitakwenda kwa Mama. Nitapiga goti kama nililompigia yule bwana. Mama ataliuliza swali lake, kama kila siku. Safari hii nitamjibu: "Ni miye."

Kavira, wa mashini yako