Aje Kama Alivyo

Jumatatu, 11 Juni 1973

Ukungu mpaka saa nne. Kuni mbichi, moshi tupu, macho yamewasha asubuhi nzima. Naomi kanywa uji nusu kikombe na kukimbilia shule. Siku hizi hahitaji kusukumwa. Darasa la kwanza wataigiza siku ya Saba Saba, wakulima na mnyonyaji, mbele ya kijiji kizima na wakubwa wa chama. Mwalimu Rehema kasema kila mzazi aandae vazi la mwanawe. Naomi anataka kuwa mkulima mwenye jembe. Kipande cha kaniki ninacho. Nitamshonea kashati na kilemba kidogo.

Baba Naomi kaleta jioni viazi alivyonunua kwa watu. Nimefunga magunia hadi vidole vikafa ganzi. Lumbesa zote, kama kawaida yake. Viazi vinarundikwa juu ya mdomo wa gunia, nami nasuka wavu wa kamba ya katani kuushika ule mlima usianguke. Kesho lori linashuka Mombo.

Jumatano, 13 Juni

Naomi karudi kimya. Kala kidogo. Nimemtoa maneno moja moja kama kumtoa mwiba.

Mwalimu Rehema aliwapanga mstari akawatazama nguo. Alipofika kwa Naomi akatazama viatu, akatazama koti. Akasema huyu ndiye mnyonyaji wetu, wala hahitaji vazi, aje kama alivyo. Darasa likacheka. Barazani akawaambia walimu wenzake, nao wakacheka.

Lile koti nililikata kwenye koti kuukuu la baba yake. Viatu ni vya binti wa dada yangu, vimepwaya, nimetia matambara mbele. Huo ndio unyonyaji wenyewe.

Nimekasirika mpaka nimeunguza maharage.

Ijumaa, 15 Juni

Nimekwenda kukata majani ya mbuzi, nimekuta viatu vya Naomi vimefichwa kwenye kabichi. Kaenda shule peku. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi.

Sikumchapa. Nimemkanda miguu kwa maji ya moto. Jumatatu tutaona.

Jumapili, 17 Juni

Kanisani. Watoto wa nyuma wamezomea taratibu, kupe, kupe. Mama zao wamesikia. Hakuna aliyegeuka kumkanya mtoto wake. Mmoja alikuwa anatabasamu huku anafungua kitabu cha nyimbo.

Nilikwisha mweleza Baba Naomi juzi, akacheka. Utani wa walimu vijana, alisema. Leo hakucheka. Kila Jumapili Naomi hukaa ubavuni mwake upande wa wanaume, amejikunja ndani ya koti lake. Leo kapita mbele yake, kaja kukaa kwangu. Baba yake kamwachia nafasi kwenye benchi ibada yote. Nafasi ikabaki vile vile.

Jumanne, 19 Juni

Mezani Naomi kauliza kama chakula chetu ni jasho la watu. Kauliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Baba Naomi kaweka tonge chini na kutoka nje.

Namjua mume wangu. Analala juu ya magunia, mvua inamnyeshea, lori likikwama Soni anasukuma yeye. Watu hapa wangepeleka wapi viazi vyao? Ushirika huja mwezi ukipenda. Lakini sasa hivi kila mkutano ni walanguzi, walanguzi. Neno la mtoto likitoka shuleni linaweza kuingia mkutanoni. Naogopa hilo. Zaidi ya hilo naogopa jinsi Naomi anavyomwangalia baba yake. Baba akinyoosha mkono, mtoto anakumbuka kazi uani.

Alhamisi, 21 Juni

Nimekwenda shule. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Yalikuwa makali, nilikuwa nimeyanoa tangu Jumatano ile.

Mwalimu Rehema ni kitoto. Katoka Tanga mwaka huu, mwembamba, kanga shingoni juu ya sweta, midomo imepasuka kwa baridi. Kaniona tu, kapiga goti. Shikamoo mama. Nikaitika marahaba, na nusu ya hasira ikaishia hapo hapo. Mtu aliyekuamkia vizuri utamtukanaje?

Nimesema nusu iliyobaki. Kashangaa kweli. Kasema hakuwa na ubaya, ni siasa ya igizo, na wazazi wengi hawana kitambaa, ndiyo maana kachagua kwa nguo walizokuja nazo. Halafu, kunituliza, kasema:

"Wala si Naomi peke yake, mama. Hata Zakaria nilimwambia hivyo hivyo. Yeye ni mkulima wetu, nikamwambia usihangaike na vazi, njoo kama ulivyo."

Zakaria shati lake lina mgongo wa kiraka na mikono haipo.

Nimemtazama yule binti. Hakuona. Alidhani kanipa faraja.

Ijumaa, 22 Juni

Nimekwenda kwa Mama Zakaria. Tunapishana kisimani miaka yote, tunasalimiana onga mshi, onga, basi. Sijawahi kuingia kwake. Mumewe alishuka mashamba ya mkonge akanogewa huko huko. Analima peke yake, viazi na kabichi, anamuuzia Baba Naomi.

Zakaria kagoma shule. Alikuwa chini ya kitanda. Mama yake kasema alikuwa analifua lile shati kila jioni na kulikausha motoni, ili mtoto aende safi. Kumbe usafi wote ule mwalimu hakuuona, kaona matundu.

Tumemsema mwalimu vizuri sana. Moyo ukanipoa. Mtu mwenye uchungu kama wako ni nusu ya dawa. Nikajisahau, nikasema kumwita mtoto wangu mnyonyaji, jamani, sisi na unyonyaji wapi na wapi.

Mama Zakaria alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho.

"Mama Naomi, kosa la mwalimu ni kumwambia mtoto."

Akaendelea kumenya. Nilisubiri aongeze, aseme ametania. Nikaaga.

Jumamosi, 23 Juni

Nimekasirika naye kutwa. Ningejua nisingekwenda. Nimemsaidia kulia, naye kanichoma.

Gunia la lumbesa linahesabiwa gunia moja. Kila mtu anajua. Kila mnunuzi anafanya hivyo, Lukozi, Shume, kote. Asiyefanya hivyo atalipaje lori?

Sikumwambia Baba Naomi.

Jumatatu, 25 Juni

Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, lakini nimeamka na akili. Naomi akienda kama alivyo, basi ni yeye. Akivaa vazi, ni mchezo. Hata shetani kwenye maigizo ya Krismasi huvaa gunia na masizi, na mtoto akishanawa uso tunampa mkate. Tatizo si kuwa mnyonyaji. Tatizo ni kuwa mnyonyaji bila vazi.

Na Zakaria naye hivyo hivyo. Mkulima avae vazi la mkulima, si umaskini wa mama yake.

Nitawashonea wote wawili. Kaniki ile iwe ya Zakaria. Naomi nitamtengenezea tumbo kubwa la gunia na tai ya kitambaa chekundu, tumbo la kuchekesha, lisilofanana na mtu yeyote hapa duniani.

Alhamisi, 28 Juni

Shati la Zakaria limekwisha. Nimelipeleka mwenyewe. Mama Zakaria kalishika, kaligeuza, kakagua mishono. Hakusema asante, kanifungia yai kwenye jani la mgomba. Zakaria kalivaa hapo hapo akakataa kulivua. Kesho atarudi shule.

Yale maneno ya siku ile hatukuyagusa.

Jumatatu, 2 Julai

Naomi hataki kujaribu tumbo. Kalikalia kama kiti. Baba yake kajaribu kumchekesha, kalivaa yeye akatembea nalo jikoni. Mtoto kainuka akaenda kulala, jua halijazama. Baba Naomi kabaki amesimama na lile tumbo, tai imening'inia. Nimeshindwa kumwangalia.

Alhamisi, 5 Julai

Mwalimu Rehema kapita nyumbani. Kaja kwa miguu kwenye matope, kaomba kuona vazi. Kalisifia. Kamwambia Naomi kwamba mnyonyaji wa igizo lazima awe mtoto shujaa kuliko wote, kwa sababu wote watamzomea naye hatakiwi kulia. Nusu saa nzima kamfundisha kutembea, kifua nyuma, tumbo mbele, kukoroma. Naomi kacheka. Mara ya kwanza tangu ile siku.

Kumbe anajua kufundisha. Kinywa ndicho hakijalelewa. Nimempa chai ya tangawizi na soksi za sufu.

Ijumaa, 6 Julai

Tumbo lilikuwa linamwaga majani makavu kila akitembea. Nimeongeza majani, nimelijaza likafura, nimefunga mdomo haraka haraka kwa kamba ya katani. Chakula kilikuwa motoni, na magunia ya Baba Naomi yanasubiri. Sijui hata nimeshona saa ngapi. Liko imara sasa. Halimwagi hata jani.

Jumamosi, 7 Julai

Naandika kabla sijalala.

Uwanja wa shule ulijaa. Wakubwa kwenye viti, Baba Naomi mstari wa mbele na suti yake, mimi na Mama Zakaria kwenye nyasi pamoja. Wakulima wadogo wameingia wanaimba, Zakaria mbele na jembe, shati jeusi linang'aa, kidevu juu. Mama yake kanishika goti. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi kabisa.

Halafu Naomi kaingia, kapakwa masharubu ya masizi. Kifua nyuma, tumbo mbele, anakoroma. Vicheko vya kawaida. Kageuka ubavu ili wote waone tumbo.

Mzee mmoja nyuma kapiga kelele:

"Lumbesa hiyo!"

Uwanja umelipuka. Wanaume wamepiga makofi mapajani. Wanawake wamejifunika kanga usoni. Mimi nilikuwa nacheka nao, sijaelewa. Ndipo nikatazama.

Juu ya tumbo la mwanangu kuna mlima, na juu ya mlima wavu wa katani, macho ya wavu ya kukatiza, fundo ubavuni. Fundo langu. Hakuna mwingine anayefunga upande wa kushoto. Kila mkulima pale uwanjani amelibeba lile fundo mgongoni toka uani kwetu mpaka kwenye lori. Mkono umefanya ulichozoea, mimi nawaza mboga.

Mama Zakaria hakucheka. Wala hakunitazama. Aliacha mkono wake pale pale gotini kwangu.

Mwalimu Rehema alikuwa anapiga makofi, mpaka mwalimu mwenzake alipomnong'oneza. Akaziba mdomo kwa viganja viwili.

Baba Naomi alikaa wima. Sikio lake lilikuwa jekundu jeusi.

Na Naomi? Naomi hakujua lolote. Aliona watu wanacheka tumbo, si yeye. Kawachekesha zaidi. Kapepesuka, kaanguka, wakulima wamemkalia, wimbo umekwisha. Halafu kakimbia moja kwa moja, na tumbo lake, na tai yake, mbele ya wakubwa wote, akapanda mapajani kwa baba yake.

Vicheko vimezima. Watu wote walitazama atafanya nini.

Alimshika. Mikono haikufika mgongoni kwa ajili ya lile tumbo. Alimshika mabegani, akamtazama usoni muda mrefu, akamfuta masizi kwa leso.

Njiani Naomi alikuwa anaimba.

Jumapili, 8 Julai

Baba Naomi hakwenda kanisani. Mara ya kwanza tangu tuoane.

Nilidhani atanipiga maneno. Kauliza kitu kimoja tu, kama nilifanya kusudi. Nikasema hapana. Kasema bora ningefanya kusudi.

Nimelia nikiosha sufuria. Namwonea huruma, na namwonea hasira, na sijui ipi imetangulia.

Jumatatu, 9 Julai

Ukungu umewahi kutoka. Lori limefika asubuhi. Watu wameleta viazi, wamesimama uani, hakuna anayetazamana na mwenzake. Nimeshika sindano ya gunia nimekaa nimesubiri niambiwe.

Baba Naomi hakuniambia kitu. Kawaambia kila mtu afunge gunia lake mwenyewe. Baadhi wamejaza mlima kwa mazoea, wakauacha hivyo hivyo. Mama Zakaria kajaza mpaka mdomoni, kakung'uta, kafunga usawa. Kiazi kilichobaki nje karudisha kwenye kikapu chake. Kasimama kando.

Baba Naomi kalitazama lile gunia. Nikajua anahesabu lori, anahesabu turubai, anahesabu Mombo watasemaje. Kainama akalibeba.

Sijui kama wiki ijayo itakuwa hivi. Hatujazungumza.

Naomi alikuwa kizingitini na uji. Kamaliza, kafuta mdomo, kauliza kama lori linapita njia ya shule. Dereva kasema linapita. Baba yake kamnyanyua akamweka mbele, katikati yao wawili. Nimesimama uani mpaka mlio ulipoishia kwenye kona. Halafu nimefagia udongo wa viazi.